Dadi Alidondoka Mara Moja: Kicheko Kichungu katika "Tumbo Lisiloshiba"

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukipewa kitabu, kabla hatujacheka wala kununa, tunachora mstari katikati ya karatasi: kushoto tunaandika "fani", kulia "maudhui". Kisha tunaanza kumdai mwandishi msimamo wake kama kondakta anavyomdai abiria nauli. Nami nilikuwa hivyo hivyo nilipoifungua mara ya kwanza "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine", diwani ya hadithi fupi iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutolewa na Longhorn mwaka 2016. Kwa miaka kadhaa kitabu hiki kilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na wenzetu wa huko wamekichambua mpaka mifupa. Mimi sitarudia kazi hiyo. Nina swali moja tu: kicheko kilichomo humu kinamfanyia nini huyo anayecheka?

Wahusika wa hadithi hizi si mashujaa. Ni mchuuzi wa samaki, mwalimu aliyestaafu, kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, mwanafunzi aliyefeli mtihani. Kila mmoja ana kasoro yake, na mara nyingi kasoro hiyo ndiyo inayompeleka shimoni. Tunacheka anapokwenda, na tunaendelea kucheka hata baada ya kuona kwamba shimo lenyewe ni refu. Hicho ndicho ninachokiita kicheko kichungu.

Lakini kicheko chenyewe si cha aina moja. Tuanze na kile rahisi. Katika hadithi iliyokipa kitabu jina, ya Said Ahmed Mohamed, wakubwa wanautaka mtaa wa Madongoporomoka ili jiji lao lipanuke. Mzee Mago anawahimiza wenzake wasikubali kunyang'anywa. Siku moja linaingia mkahawani jitu la miraba minne, linafagia chakula chote kilichopikwa, na kabla ya kuondoka linaahidi kurudi kula zaidi. Baadaye mabuldoza yanakuja. Tashtiti hii ni kali, na picha ya tumbo linalomeza mtaa mzima haikutoki kichwani upesi. Hata hivyo, ndugu msomaji, jiulize: ulipolicheka jitu lile, ulijicheka hata kidogo? Mimi sikujicheka. Jitu ni jitu, mimi ni mtu. Nilifunga kitabu nikiwa msafi kama nilivyokifungua.

Sasa linganisha na "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Mzee Mambo, waziri kivuli wa wizara zote, anafanya karamu ya fahari kwa sababu mtoto wake mmoja ameanza shule ya chekechea na mwingine ameota meno. Sasa na Mbura wako hapo, na wanajua kila kitu. Wanajua fedha zinatoka wapi, wanajua chakula wanachokula kinawaua wao wenyewe na nchi yao. Wanalisema hilo waziwazi, tena kwa ufasaha kuliko wachambuzi wengi, huku mikono yao ikirudi sahanini. Hapa nilicheka, halafu nikakohoa. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kuilaani sherehe huku akiwa kwenye foleni ya pilau? Kinaya cha Salma ni kwamba walaji ndio walalamikaji. Hakuna jitu la kulisingizia.

Aina hii ya pili ya kicheko ndiyo iliyozua ubishi katika kikundi chetu cha mjadala. Mwenzangu mmoja alisema kwamba fasihi inayomcheka mnyonge badala ya mnyonyaji ni usaliti. Dhihaka, alisema, ielekezwe juu. Nilikubaliana naye, na hata nikaandika insha nzima ya kumuunga mkono. Kisha ikaja likizo, nikapanda basi kwenda nyumbani.

Kwetu ni milimani, juu ya Same. Anayepita barabara kuu ya kwenda Moshi anaiona Same yenyewe tu: jua, vumbi, upepo na stendi. Hajui kwamba ukipanda juu ya vichwa vya mkonge na michongoma unakuta migomba, ukungu na ndiva za kuhifadhia maji ya kumwagilia, na kwamba kila tone la maji hayo na kila hatua ya mpaka wa shamba ina historia yake, na pengine ina kesi yake. Watani wetu Wachaga husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunakasirika wakisema hivyo, lakini hatuendi kuwashtaki, maana tunajua watashinda: ushahidi wanao.

Baba mdogo wangu ni mmoja wa ushahidi huo. Ana kesi na jirani yake ya kipande cha ardhi kisichozidi migomba mitatu. Nilikuwa darasa la nne ilipoanza. Ana mkoba wenye barua, risiti na ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli, na mkoba huo unalala chumbani kwake mahali pazuri kuliko redio.

Jioni moja tukisubiri makande yaive, alinitaka nisome kitu hicho ninachosomeshwa chuoni kwa fedha za watu. Nikasoma "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Dadi, mchuuzi wa samaki, amemuoa Kidawa kwa masharti ya kisasa: kazi za nyumbani wagawane, mtoto awe mmoja, na mke aendelee na kazi zake. Dadi ameyakubali kwa mdomo, lakini moyo wake haujasaini. Kidawa anafanya kazi ya umetroni shuleni, na Dadi anaanza kumshuku na mwalimu mkuu. Wivu unamtafuna mpaka usiku mmoja anakwenda kuhakikisha kwa macho yake. Anaparamia bomba kulifikia dirisha la ghorofani, na anadondoka. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto na baiskeli ya biashara, yuko chini kavunjika, na watu wanakusanyika.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akatoa uhakiki wake. Alisema, "Huyu ni mjinga kabisa. Angekwenda na mashahidi wawili, na mmoja awe mzee wa kanisa." Kosa la Dadi, kwa maoni yake, halikuwa kumchunguza mkewe kama mwizi. Lilikuwa la utaratibu tu.

Sote tulicheka. Kisha mama mdogo, aliyekuwa akikoroga chungu bila kututazama, akasema polepole: "Angalau Dadi alidondoka mara moja."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kuni zikilia. Mwaka wa kesi ile ulipokuwa mzito kuliko yote, mbuzi watatu waliuzwa, na binamu yangu wa kike akakaa nyumbani muhula mzima. Mama mdogo hakupata kulisema jambo hilo mbele ya watu. Ni mwanamke wa heshima, na baba mdogo si mtu wa kukatwa kauli. Lakini usiku ule mlango ulikuwa umefunguliwa na mchuuzi wa samaki wa kubuni, naye akapita.

Msije mkadhani kwamba baba mdogo aliongoka. Asubuhi ya tarehe aliyopangiwa alikunywa chai yake, akachukua mkoba, akashuka Same kama kawaida. Kwa hiyo nikisema fasihi ilimbadilisha nitakuwa nadanganya, na insha zetu nyingi hudanganya hapo hapo. Tunaandika "jamii itajifunza" utadhani jamii ilikaa darasani. Nilichokiona mimi ni kidogo zaidi, ila nilikiona kwa macho. Kicheko kilimpa nafasi ya kusema mtu aliyekuwa amenyamaza. Na kisingempa kama Dadi angekuwa jitu. Ilibidi awe mtu wa kwetu, mnyonge, mwenye kasoro, anayefanana na mtu aliyekaa palepale kwenye kigoda.

Sipendi kulifanya hili kuwa jambo geni, maana Upareni lina mizizi. Wanahistoria, Profesa Isaria Kimambo akiwa mmoja wao, wameandika juu ya Mbiru, mgomo wa kupinga kodi ya kukadiriwa mali uliolipuka mwaka 1945. Maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakakaa mbele ya ofisi ya wilaya hapa Same, wakagoma kuondoka. Kukaa kwao kukarefuka. Ndipo wanawake wa Usangi walipomkabili mkuu wa wilaya wa kikoloni wakampa shauri lao: ama amalize ugomvi unaowaweka waume zao Same, ama awape mimba yeye mwenyewe, maana waume hawako nyumbani. Jamani, fikirini uso wa bwana yule! Ni mzaha, na si mzaha. Walimcheka mkubwa, lakini walilipa kwa aibu yao wenyewe, kwa kusema hadharani lisilosemwa. Ndiyo maana mzaha ule ulikuwa na uzito. Kodi ile hatimaye ilifutwa, ingawa si kwa mzaha huo peke yake.

Nikiipima diwani hii kwa kipimo cha wanawake wa Usangi na cha mama mdogo, naona upungufu wake mkubwa. Wanawake wengi humu wanachekewa au wanahurumiwa, ila ni wachache wanaopewa nafasi ya kuchekesha. Kidawa tunamwona zaidi kupitia jicho la wivu la Dadi, na ningetoa nauli yangu ya kurudi chuoni kumsikia akimsimulia shoga yake habari za lile bomba. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Penina anamfukuza Dennis baada ya kazi kukosekana, na mwandishi anatuachia tumwone kama kigeugeu tu. Katika "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda, Jairo, mwanafunzi aliyeshindwa shule na maisha, anamletea mwalimu wake wa zamani zawadi ya kustaafu: mke wake na binti zake. Kisa hiki kina uchungu na vichekesho vya hali ya juu, na kinamtesa vizuri mwalimu aliyezoea kusifiwa. Lakini waliotolewa zawadi kama mbuzi wa mahari, wao walikuwa na neno gani? Nilitaka kulisikia zaidi ya kitu kingine chochote, na sikushiba.

Pamoja na hayo, nasema kitabu kisomwe, tena kisomwe kwa sauti, na si chuoni tu. Nimeifuta ile insha yangu ya kumuunga mkono mwenzangu. Dhihaka ielekezwe juu, sawa. Nasi tusisahau kwamba nyumbani nako kuna juu na chini, na kwamba mtu anayeonewa na ofisi mchana anaweza kuwa ofisi yenyewe usiku, mbele ya chungu cha makande. Mwandishi anayeliona hilo na bado akatuchekesha hajamsaliti mnyonge. Amemwona mnyonge wa mnyonge.

Nilipokuwa nikiondoka, mama mdogo alinifungia tangawizi kwenye gazeti na kuniuliza kama kile kitabu nakirudisha maktaba. Nikamwambia ndiyo, ni cha watu. Akasema, "Basi ukija Desemba, kiazime tena." Baba mdogo alikuwa uani, anapiga viatu rangi. Alisikia, wala hakusema kitu.