Ulimi wa Nani Uoshwe? Matusi katika Wimbo wa Lawino

Kwetu Uganda, mzee akisikia kijana anasoma Kiswahili chuoni, haishangazi akiuliza kama anataka kuwa askari au jambazi. Kwa wengi wa rika lake, Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani, lugha waliyotukanwa nayo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini katiba haifuti kilichosikiwa na masikio. Kwa sababu hiyo, nilipousoma Wimbo wa Lawino katika tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, nilivutwa zaidi na matusi yaliyomo kuliko ule mgogoro wa mila na usasa tunaoujibu katika kila mtihani.

Okot p'Bitek aliutunga utungo huu kwa Kiacholi, ingawa toleo la Kiingereza ndilo lililotangulia kuchapishwa, mwaka 1966. La Kiacholi, Wer pa Lawino, lilifuata mwaka 1969. Sehemu ya kwanza ni mashtaka. Lawino anawaeleza watu wa ukoo wake kwamba mumewe, Ocol, ana ulimi mchungu. Ocol hatumii yale tunayoyaita matusi ya nguoni. Anamwita mama mkwe wake mchawi, anawaona wakwe zake wajinga, na anamdharau mkewe kwa kutosoma. Tena humtukana kwa Kiingereza, lugha ambayo mkewe hawezi kumjibu kwayo. Hapo ndipo lilipo tusi lenyewe. Neno linaweza kuwa safi kabisa na bado likamdhalilisha mtu, ikiwa aliyeambiwa hana njia ya kujibu. Wazee wetu waliosimamishwa vizuizini wanalijua jambo hili kuliko sisi.

Lawino anamfananisha mumewe na kuku anayekula mayai yake mwenyewe. Ni mfano mzito, kwa kuwa Ocol hamtukani mtu mmoja tu. Anatukana ukoo na watu weusi wote, naye akiwa mmoja wao.

Katika sehemu ya pili, Lawino anamgeukia mke mwenza, Clementine. Anaichambua midomo yake iliyopakwa rangi, poda yake na mwili wake. Tulipoisoma darasani tulicheka sana. Wenzangu wengi humtetea Lawino: hiyo ni kejeli, nayo kejeli ni silaha ya mnyonge. Nakubaliana nao kwa kiasi fulani. Midomo na poda vinaonekana, na msomaji anaweza kupima mwenyewe kama mzaha huo ni wa haki. Lakini Lawino haishii hapo. Anadokeza kwamba huenda Clementine aliwahi kutoa mimba na kuwatupa watoto chooni. Ushahidi hautoi. Neno "huenda" halipunguzi tusi hilo. Linampa tu msemaji mlango wa kutokea. Kumwita mwanamke mchawi na kumdhania kuwa muuaji wa watoto wake ni tuhuma za aina moja. Kile Ocol alichomtendea mama yake Lawino, Lawino anamtendea Clementine.

Mwishoni mwa utungo Lawino anatoa tiba. Anamwagiza Ocol atafune mizizi ili aoshe ulimi uliochafuliwa na matusi, kisha awaombe radhi wazee na mizimu ya baba zake. Napenda wazo hili kwamba matusi ni ugonjwa wa mtukanaji mwenyewe, na kwamba unatibika. Ila najiuliza kwa nini mgonjwa ni mmoja tu. Mizizi hiyo Lawino haitafuni. Hata Wimbo wa Ocol, uliochapishwa mwaka 1970, hauzibi pengo hili, kwani Ocol anajibu kwa dharau zaidi. Clementine hana wimbo wake.

Simhukumu Okot kwa hilo. Huenda alitaka tumwone Lawino akiwa binadamu kamili, mwenye wivu. Ninaowahukumu ni sisi wasomaji. Tukicheka katika sehemu ya pili kisha tukainukuu tiba ya mwisho kwenye karatasi za mtihani, tunakubali kwamba tusi ni tusi pale tu linapotoka kinywani mwa mtu tusiyempenda. Askari wa kizuizini naye, nadhani, aliamini hivyo hivyo.