Kifaranga wa Bata na Swali la Kuku

Katika hadithi za wanyama wanazosomewa watoto ili wasijidharau nafsi zao, wala wasimdharau asiyefanana nao, yenye sifa kuu ni ile ya Hans Christian Andersen wa Denmark, iliyotoka mwaka wa 1843. Kifaranga mwenye sura mbaya aanguliwa katika kiota cha bata, adonolewa na kufukuzwa, hata siku moja ajiona majini kuwa ni ndege mzuri kupita wote. Walimu wengi huipenda kwa ajili ya mwisho wake. Mimi naona mwisho huo ndio udhaifu wake.

Maana kifaranga huyu amejikubali lini? Alipojiona mbaya alitaka kufa. Alipojiona mzuri alifurahi. Na bata aliyezaliwa bata, mwenye mguu uliopinda, apate faraja gani? Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kama angalikuwa bata kweli?" Sikuwa na jibu.

Tena lugha yetu yaongeza shida. Ndege yule si wa nchi zetu, nasi twamwita bata maji. Basi mtoto asikia kwamba bata amegeuka bata maji, ashangaa: furaha yote hii ni ya bata kuwa bata? Darasa langu walicheka, na nadhani kicheko chao kilikuwa na maana kuliko maelezo yangu juu ya shingo ndefu.

Utamu wa hadithi uko katikati, mahali tunapopapita mbio. Kifaranga aingia kibanda cha bibi kizee mwenye paka na kuku. Kuku amwuliza kama aweza kutaga. Paka amwuliza kama aweza kupinda mgongo, kuunguruma kwa raha, na kutoa cheche. Hawezi hata moja. Basi na anyamaze wenye akili wanaponena. Naye ana hamu moja tu, kuelea juu ya maji na kuzama hata chini. Kuku asema huo ni wazimu. Na amwulize paka, mwenye akili kuliko wote, kama apenda kuogelea! Angalieni, hapa hapana adui. Kuku hamchukii, amwonya kama rafiki. Na kifaranga, angali mbaya, asiyejua bado yeye ni nani, asema kwamba hawamfahamu, kisha atoka kwenda majini. Hakungoja uzuri.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilimlazimisha mtoto mwenye shoto kuandika kwa mkono wa kuume, miezi mingi, kwa upole. Herufi zake ziliharibika, naye akaacha kuinua mkono kujibu maswali. Sikumpiga, ndiyo maana sikujiona mkosefu. Kuku yule naye hakupiga.

Hadithi ya fahali Ferdinand, aliyoiandika Munro Leaf wa Marekani mwaka wa 1936, imeliepuka kosa la Andersen. Fahali apenda kukaa chini ya mti na kunusa maua; mama yake, akiisha kuona kwamba hana upweke, amwacha. Hata akipelekwa uwanjani Madrid hapigani, arudishwa kwao, aketi pale pale. Ni hadithi njema, lakini mwalimu hatajikuta ndani yake.

Siku hizi nafunga kitabu kifaranga anapotoka mlangoni, nawauliza watoto kuku angemwambia nini jirani yao wa dawati. Sehemu iliyobaki twaisoma kesho yake.