Jinsi ya Kuipima Albamu ya Majonzi na Afueni

Msikilizaji wa Embu au Meru atakaye kuipima albamu ya sauti ngeni, ile isiyo na kibwagizo cha kuitikia wala mdundo wa kuchezea, asidhani kwamba ameingia mtihanini mikono mitupu. Kwani aliyewahi kuwatazama wapigaji wa Chuka, wameinama mbele na ngoma zao ndefu zimebanwa baina ya mapaja, amekwisha kufunzwa kusikiliza jambo lisilosimuliwa kwa maneno, na kumbainisha apigaye kwa ustadi na apigaye kwa nguvu tu.

Nachukua mfano wa FEELING BODY, kazi ya mtunzi wa Kenya Nyokabi Kariũki iliyotoka mwaka 2023, ambayo majonzi yake si ya mpenzi aliyeondoka bali ya mwili uliokawia kupona baada ya UVIKO-19. Msanii dhaifu akishaandika jina la uchungu juu ya jalada huona kazi imekwisha. Basi jina lisahau, uliulize sikio kama huzuni imo katika sauti yenyewe. Kipande cha FEELING BODY kiitwacho Nazama kinastahili jina hilo endapo tu hata asiyejua Kiswahili atahisi maji yamemfika shingoni.

Kisha zichunguze sauti zilizorekodiwa nje ya studio, ambazo mtunzi huyu alizitegemea sana katika kazi yake ya mwaka 2022 juu ya mahali apapendapo nchini Kenya. Hapa mtu wa milimani hadanganyiki kwa urahisi: mvua inyeshayo juu ya mabati ya Runyenjes hufunika mazungumzo hata watu wa nyumbani wakanyamaza, ilhali ile ya migombani huanza kwa matone mazito yanayohesabika. Mvua isiyoangukia kitu chochote, hiyo imeazimwa tu.

Afueni ndiyo iwashindayo wengi, nami hapa sina huruma: kinanda kikija dakika ya mwisho na kupaa kwa furaha ambayo hakuna kilichoitayarisha, naihesabu kazi hiyo kuwa ya ghushi. Tafuta sauti iliyokuumiza mwanzoni. Katika albamu njema aghalabu hurejea imepungua makali, haikufutwa. Kwa badiliko lisilo la ghafla, isikilize Peel, albamu ya mtunzi KMRU ya mwaka 2020: haina mashairi, na hugeuka polepole mno hata badiliko hutambulikana likiwa limekwisha kupita. Mjukuu huyu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ameiacha njia ya babu yake ya kusema wazi, wala hakupungukiwa.

Fauka ya hayo, usiihukumu albamu kwa spika za matatu iendayo Meru, ambazo besi yake humeza kila kilicho chembamba. Vaa visikizi, isikilize nzima bila kuruka, kisha baada ya siku chache uirudie, hasa zile sehemu zilizokuchosha.