Ufundi wa Kuzima kwa Utaratibu

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapowasha taa zao ziwani upande wa Ukerewe, simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni haina kazi kubwa. Kazi yake ni alfajiri, mvuvi anapompigia mchuuzi wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuuliza bei. Ikiwa saa hiyo bado ina chaji, sifa zimfikie pia mwandishi wa draiva, yaani programu inayokiendesha kila kifaa kilichomo ndani ya simu.

Simu nyingi za huku ni za Android, na kiini cha Android ni Linux. Mwaka 2009, toleo la 2.6.32 la Linux lilipata utaratibu ulioongozwa na Rafael Wysocki, wa kulaza kifaa kimoja kimoja huku mashine ikiendelea na kazi. Msingi wake ni hesabu. Anayehitaji kamera huongeza moja. Akimaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kamera yaweza kukatiwa umeme. Mara nyingi husubiriwa kidogo kwanza, maana kuamsha nako kunakula chaji.

Mpangilio nao una sheria. Kifaa hulala kabla ya njia ya mawasiliano kinayoitegemea. Wakati wa kuamka, njia hutangulia. Draiva ikigusa kifaa kisicho na umeme itasoma takataka, na kwenye baadhi ya chipu mashine nzima huganda.

Uhodari wenyewe huonekana mambo yanapoharibika. Amri ya kuamsha, pm_runtime_get_sync, huongeza hesabu hata kuamsha kukishindikana. Mwandishi akiona kosa akatoka bila kupunguza, hesabu haitafika tena sifuri, na kifaa kitakesha bure. Draiva nyingi zilikuwa na kasoro hiyo. Mwaka 2020 ikaongezwa pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa huirudisha hesabu ilipokuwa.

Ufundi huu nauvulia kofia. Kazi yake ikifanywa vizuri haionekani kabisa, lakini wapo watu wanaokagua hata njia ambayo programu huipita mara moja kwa mwaka.

Msimbo wote wa Linux uko wazi, bure. Kijana unayesoma kompyuta Mwanza, fungua draiva moja leo. Kila unapokuta hesabu imeongezwa, tafuta inapopunguzwa, na anza na njia za kushindwa.