Jicho la Msomaji Prufu

Maneno “knight” na “night” hutamkwa sawasawa leo, lakini hayakuanza hivyo. Waingereza wa zama za kati waliitamka k ya “knight”, na gh iliyomo katika yote mawili ilikuwa sauti ya kooni, jirani ya kh ya kheri. Sauti zilikufa, herufi zikabaki. “Meat” na “meet” nayo yalikuwa na irabu mbili tofauti hadi mageuzi makubwa ya irabu za Kiingereza yalipoziunganisha. Mageuzi hayo yalikuwa bado yanaendelea William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kuigandisha tahajia. Kwa hiyo anayesahihisha Kiingereza hawezi kulitegemea sikio. Huhitaji jicho, na huhitaji kujua ukoo wa maneno.

Ujuzi huo wa ukoo ndio uzuri wa kazi ya msomaji prufu. Wauza vitabu wenye duka la kudumu, tofauti na wachuuzi wa kutembeza, waliitwa “stationers”. Vifaa vyao vya kuandikia vikawa “stationery”, kwa e ileile. “Stationary” lenye a ni kisichosogea. Shina la Kilatini ni moja, na anayelijua hachanganyi tena. Kinachovutia zaidi ni “flour”, ambalo zamani lilikuwa “flower” lenyewe: unga bora uliochekechwa ulihesabiwa kuwa ua la nafaka. Neno moja likapasuliwa mawili kwa kalamu tu, ulimi usihusike.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili orodha ya maneno yanayosikika sawa hurefuka. Irabu zake tano huzipokea “bad” na “bud” kwa a moja, na “ship” na “sheep” kwa i moja, hivyo hukutana na mapacha ambao Mwingereza hana. Lakini “its” na “it’s” huwatatiza hata wenye lugha, kwa kuwa nomino zao huonyesha umiliki kwa ritifaa ilhali “its” haina. Yenye ritifaa ni mkato wa “it is” au “it has”.

Programu inayokagua neno mojamoja huyapitisha yote haya, maana kila neno limeandikwa sahihi. Msomaji prufu huiuliza sentensi nzima. Akikuta “principle” mbele ya nomino, likifanya kazi ya kivumishi, hulifuta na kuandika “principal”, kwa sababu “principle” ni nomino tu.