Ontolojia katika Kuunganisha Zana za Kupimia Programu

Timu inayotengeneza programu za kompyuta kwa kawaida hutumia zana kadhaa za upimaji kwa pamoja, moja ikichunguza msimbo, nyingine ikitunza kumbukumbu za kazi na muda uliotumika, na nyingine ikipanga malengo na kutoa ripoti. Kuhamisha data kutoka zana moja hadi nyingine si kazi ngumu siku hizi. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba maana ya data hiyo haipotei njiani.

Faili lenye mistari 120, ambamo 30 ni mitupu na 40 ni maelezo yasiyotekelezwa na kompyuta, huhesabiwa na zana moja kuwa na mistari 120 na nyingine kuwa na mistari 50, ilhali zote mbili hukiita kipimo hicho ukubwa wa msimbo. Likiwa na kasoro 6, kiwango cha kasoro kwa kila mistari 1,000 kitakuwa 50 kwa hesabu ya kwanza na 120 kwa hesabu ya pili. Hakuna zana iliyokosea, ila ripoti inayochanganya takwimu hizo itampotosha yeyote atakayeitegemea.

Nchini Brazili, watafiti wa kundi la NEMO katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Espírito Santo, wakiwemo Monalessa Barcellos na Ricardo Falbo, walilikabili tatizo hili kwa kutumia ontolojia, yaani maelezo bayana ya dhana za uwanja fulani na mahusiano baina yake. Ontolojia yao ya upimaji, iliyojengwa juu ya ontolojia ya msingi inayofafanua mambo ya jumla kama vile kitu, tukio na sifa, hutenganisha mambo ambayo zana nyingi huyarundika pamoja: kitu kinachopimwa, sifa yake inayopimika, kipimo chenyewe, kizio, tendo la kupima, thamani iliyopatikana, na utaratibu uliofuatwa kuipata. Dhana hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayofichua kwamba 120 na 50 zilitokana na kanuni mbili tofauti za kuhesabu.

Uunganishaji wenyewe huanza kwa uchambuzi wa maana kabla ya kuandika msimbo wowote. Kila zana huchorewa modeli ya dhana zake, kisha kila dhana hulinganishwa na ontolojia, hatua inayoitwa ulinganishaji wa wima. Ulinganishaji wa mlalo, yaani wa zana kwa zana, huachiwa dhana zisizopatikana katika ontolojia. Mpangilio huu una faida kubwa, kwa sababu zana 6 zikilinganishwa mbilimbili huhitaji ulinganishaji mara 15, lakini zikipitia rejea moja huhitaji mara 6 tu, na zana ya saba huongeza mmoja badala ya sita.

Hata hivyo ontolojia haisomi nyaraka za zana kwa niaba ya mchambuzi. Mara nyingi utaratibu wa kuhesabu haukuandikwa popote, hivyo hulazimu kupima faili dogo ambalo idadi ya mistari yake inajulikana na kulinganisha matokeo. Pale taratibu zinapotofautiana na hakuna njia ya kubadili thamani moja kuwa nyingine, uamuzi sahihi ni kuzihifadhi kama vipimo viwili vyenye majina mawili, hata kama meneja aliomba safu moja tu katika ripoti.