Diski Ni Yangu, Funguo Si Zangu

Mara ya kwanza kuona Touki Bouki, niliionea kwenye simu. Faili nilipewa na msee aliyepewa na msee mwingine. Ng'ombe wa mwanzo wa muvi walikuwa madoa ya kahawia yanayotembea. Nilijua wamefika machinjioni kwa kusikia tu. Bado niliipenda, na kwa miaka kadhaa niliwaambia watu ni komedi ya vijana wawili wenye pikipiki.

Nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilianzia kwenye ile picha.

Djibril Diop Mambéty aliitoa filamu hii mwaka 1973, akiwa na miaka 28. Mory aliwahi kuchunga ng'ombe, Anta ni mwanafunzi wa chuo, na wote wako Dakar wakisaka pesa ya meli ya kwenda Ufaransa. Sauti ya Josephine Baker inaisifu Paris tena na tena, hadi unaanza kuishuku. Kama nusu ya marafiki zako wako Gulf na nusu nyingine wanangoja visa, hapo huhitaji maelezo.

Mwaka 2008 wakfu ulioanzishwa na Martin Scorsese uliifanyia filamu hii ukarabati, kazi ikifanyika Bologna, Italia. Mwaka 2013 ikatoka kwa Blu-ray Marekani. Binamu yangu akaninunulia, akaja nayo Nairobi Desemba. Mimi sina TV ya maana. Nina kompyuta ya mtumba, nikaongeza draivu ya Blu-ray ya kuchomeka kwa USB.

Nikaweka diski. Programu ya bure ikakataa: haina ufunguo. Kila Blu-ray ya aina hii imefungwa kwa msimbo, na programu lazima ilipie leseni ndiyo iruhusiwe kuufungua. Windows yenyewe haiji na ruhusa hiyo. Nikanunua programu. Ikaniambia diski si ya kwetu. Kumbe watengenezaji waliigawa dunia kanda tatu: Marekani iko A, Afrika na Ulaya ziko B, China na Urusi ziko C. Hebu fikiria hapo. Filamu iliyopigwa Dakar, kwa Kiwolof, imefungwa isichezwe Afrika. Nikabadilisha ukanda, nikaonywa kwamba nina nafasi tano tu. Kisha skrini yangu nzee ikashindwa kuthibitisha kwamba siibi picha, nikaenda kuazima ya jirani.

Ikacheza.

Blu-ray hubeba GB 25 au 50, na picha yake inaweza kupita kwa kasi ya hadi megabiti 40 kwa sekunde. Muvi ya HD ya intaneti mara nyingi hutumia kama 5. Kinachotupwa kwanza ili itoshee ni vile vitu vidogo vinavyotikisika: vumbi, moshi, povu la bahari, punje za filamu yenyewe. Touki Bouki imejengwa kwa hivyo hivyo. Safari hii niliona damu ikitandaa sakafuni, na jicho la ng'ombe kabla ya kisu. Halafu niliona pembe za pikipiki ya Mory. Kwenye simu zilikuwa pambo tu, swag ya kijana wa mtaa. Kwenye skrini safi ni pembe na fuvu la mnyama kama wale waliochinjwa dakika chache kabla. Mory anazunguka mji mzima akiendesha kifo cha kule alikotoka. Ndiyo maana, meli ikiwa tayari kuondoka, yeye anageuka na kukimbia akitafuta pikipiki yake. Zamani nilidhani ni mwoga. Sasa naona alitambua foleni ile inaelekea wapi.

Najua utaniambia nimeanza maringo. Sisi ni watoto wa vibanda vya muvi, wa kopi iliyofifia na DJ Afro akitupigia hadithi juu yake. Sikatai, huko ndiko nilikofundishwa kupenda filamu. Kopi mbovu inakutambulisha kwa filamu. Ninachopinga ni mtu kuamua kwamba utambulisho huo unatutosha, na picha kamili wawekewe wengine.

Na kufuli zinazidi. Diski za 4K zilikuja mwaka 2016, na kuzicheza kihalali kwa kompyuta kulihitaji kifaa cha usalama ndani ya prosesa za Intel. Baadaye Intel ikakiondoa kwenye prosesa zake mpya za Core. Yaani ukinunua kompyuta mpya leo, unapoteza kitu ambacho ile ya zamani iliweza. Faili ya wizi, wakati huo, inacheza popote bila kuuliza swali. Aliyelipa ndiye anayesumbuliwa.

Bado nitanunua diski. Muvi ya mtandaoni inaweza kuondolewa usiku ukiwa umelala, na ya rafu yangu haitaondoka. Lakini nisikudanganye kwamba naimiliki kabisa. Programu inahesabu: nimetumia nafasi moja ya kubadilisha ukanda, zimebaki nne. Binamu ameuliza aje na gani Desemba hii, na bado sijamjibu.